Kufuli Lisilomjua Mkubwa

Mimi ni mtu wa mdomo. Hapa kisiwani Mfangano hata watoto wanajua: ukitaka siri ifike Takawiri, kisiwa cha jirani, kabla ya chai ya saa nne, niambie mimi. Si kwamba napenda umbea, la. Ni hasira. Hasira ikinipanda, mdomo hutangulia na akili hufuata nyuma ikihema. Nasema mapema ili mtu asije akanilaumu katikati ya kisa, maana kisa chenyewe ni cha mdomo huo, na cha bibi mmoja asiyejua kusoma aliyezielewa pesa za kompyuta kabla yangu mimi niliyemaliza kidato cha nne.

Nianze na sanduku. Chama chetu cha akina mama wa omena, wale dagaa wa ziwani, kina sanduku la bati lenye makufuli matatu. Funguo hukaa kwa wanawake watatu, na hakuna hata mmoja wao aliye mwenyekiti au mweka hazina, ili asipatikane mtu wa kulifungua peke yake. Wa kwanza ni bibi huyo, mkubwa wetu kwa umri, ambaye sote tunamwita Dani, yaani nyanya. Wa pili ni mshonaji mwenye cherehani pale ufukoni, Mkuria kutoka upande wa Migori, Mkatoliki, aliyeolewa hapa kisiwani. Kwa ajili yake mikutano yetu huwa kwa Kiswahili, Kiswahili chetu cha kuungaunga, maana Kijaluo chake mpaka leo kinachechemea. Wa tatu ni mimi, Msabato, muuza omena, na mdogo wao.

Tuna desturi mbili ambazo hatuzivunji. Moja ni kwamba hakuna anayetia ufunguo kabla ya Dani. Makufuli yenyewe hayajali; ungeanza na la kulia au la kushoto, sanduku lingefunguka vilevile. Ni heshima tu. Dani anafungua, anafuata mshonaji, namalizia mimi. Desturi ya pili ni hesabu ya vichwani. Kabla ya kufunga, mweka hazina hutaja kiasi kilichobaki, na sisi sote hukirudia kwa sauti mara mbili kama watoto wa nasari. Mkutano unaofuata, kabla ya kufungua, tunakitaja tena. Ukikosea, faini. Daftari lipo, lakini daftari huliwa na mchwa, na mchwa hawezi kula vichwa ishirini kwa siku moja.

Tafadhali usidhani Dani ni bibi mtakatifu. Yawa! Dani ananusa tumbaku mpaka leso yake inanuka kuliko omena. Na ana tabia ya kuanika omena zake hadi zivuke mpaka na kuingia kwenye wavu wako, kisha ukimuuliza anakwambia samaki wametembea. Nimegombana naye mara nyingi kuliko nilivyogombana na mume wangu. Lakini siku hizi nikimwona akishuka ufukoni na beseni kichwani, mimi husimama.

Binti yake ni mfanyakazi wa nyumbani kule Uarabuni. Alimwachia Dani msichana wake, na msichana huyo ndiye aliyekuwa roho ya mambo haya yote. Alifaulu vizuri, akaitwa chuo cha uuguzi, karo ikakosekana. Nafasi ikapita akiitazama. Akarudi kugeuza omena juani pamoja na nyanya yake, bila kulalamika, na hilo ndilo lililotuuma zaidi. Mama yake akaapa kwamba mtoto akiitwa tena, pesa zitakuwa tayari, hata kama yeye atalala njaa jikoni kwa watu.

Ndipo siku moja akatuma ujumbe wa sauti kwenye simu yangu, kwa sababu simu ya Dani ni ile ya kubonyeza, isiyojua mambo mengi.

"Mama," alisema, "tajiri wangu amenyang'anya simu yangu mara mbili. Nikiweka akiba huku, ni ya kwake. Nikituma kwa simu kama kawaida, kaka zangu watajua kabla hata hujaitoa, na unawajua. Kuna njia nyingine wenzangu wamenionyesha. Inaitwa bitcoin. Chama kishike ufunguo."

Dani akaniuliza ni nini hiyo. Nikajibu kwa kujiamini kabisa kwamba ni utapeli. Nilikuwa sijui lolote, lakini kutojua hakujawahi kunifunga mdomo.

Kwa miezi kadhaa tulifundishwa hivyo, kwa ujumbe wa sauti wa kila Ijumaa, siku yake ya mapumziko. Sisi watatu wenye funguo na yule msichana tulikusanyika kwa mshonaji, simu juu ya meza ya cherehani. Nakiri kwamba yule binti wa Uarabuni ni mwalimu. Alisema pesa hizi hazina benki wala ofisi. Kuna kitabu kimoja kinachoandika nani amemtumia nani nini, na kitabu hicho kina nakala kwenye kompyuta elfu na elfu duniani. Kila ukurasa mpya huandikwa na wachimbaji.

"Wanachimba wapi?" mshonaji akauliza haraka. "Kwetu kaka yangu amechimba dhahabu miaka na miaka, na alichotoa shimoni ni kikohozi."

Binti akacheka sana aliposikia swali hilo. Akaeleza kwamba ni kompyuta zinazoshindana kupiga hesabu ngumu. Inayoshinda ndiyo inayoandika ukurasa unaofuata, na inalipwa kwa jasho lake. Akijitokeza mwongo wa kuandika uongo, wengine wanalinganisha na nakala zao na kumkatalia.

Mimi hapo ndipo nilipokwama. "Mwenyewe ni nani?" nilisema. "Kitu kisicho na mwenyewe ni cha mwizi. Mkubwa wa kitabu hicho ni nani? Nikiibiwa nimshtaki nani?"

Dani alipiga chafya ya tumbaku, akajifuta. "Na hesabu ya chama chetu mwenyewe ni nani?" akaniuliza.

"Mweka hazina."

"Akifa leo?"

Akifa leo, tungeitaja hesabu yote kesho asubuhi, senti kwa senti. Hata akiamka na kusema uongo, sauti kumi na tisa zingemzomea. "Basi ni sisi hao," Dani alisema, akaurudisha ugoro wake kifuani. Mimi nilichukua wiki nyingine tatu kuelewa alichokielewa kabla ya kumaliza chafya. Lakini wakati ule sikumsifu, nilimwambia tu kwamba omena zake zimeingia tena kwenye wavu wangu.

Kitu kingine kilichonitoa jasho ni bei. Leo pesa aliyotutumia binti ilikuwa nyingi, wiki ijayo imepungua, na hakuna mtu aliyeigusa. Nilifoka, nikauliza nani amekula. Dani akaniuliza kama gunia langu la omena lililolala stoo halipandi bei mvua ikinyesha wiki nzima, na mimi huwa nimelifanyia nini gunia hilo zaidi ya kulala. Mwanamke huyu, nakwambia, angesoma angetutawala.

Sasa tuje kwenye ufunguo, maana hapo ndipo kidonda kilipo. Binti alituelekeza kupakua programu ya bitcoin kwenye simu yangu, nayo ikatupa maneno kumi na mawili ya Kiingereza, maneno ya kawaida tu, ya vitu vya nyumbani na wanyama na hali ya hewa. Binti akasema hayo ndiyo ufunguo. Mwenye maneno kumi na mawili ndiye mwenye pesa, na asiye nayo hana, hata akilia machozi ya damu. Tusiyapige picha wala kuyatuma kwa mtu.

Sisi tulifanya kile ambacho watu wa sanduku la makufuli matatu wangefanya. Niliyaandika maneno kwenye ukurasa wa daftari, moja chini ya jingine. Kwenye simu yalikuwa na namba, lakini sikuandika namba. Namba za nini, mimi si karani wa kura. Kisha nikachukua mkasi wa mshonaji, nikaukata ukurasa vipande vitatu, maneno manne kila mmoja. Dani akaweka chake ndani ya mkebe wa kadi yake ya ubatizo. Mshonaji akakishonea chake ndani ya pindo la pazia. Mimi nikatia changu katika kitabu changu cha nyimbo. Tulijiona wajanja sana siku hiyo.

Dani pekee ndiye aliyeuliza swali. Zamani mshonaji aliwahi kupoteza ufunguo wa sanduku, tukaleta msumeno wa chuma, tukakata kufuli chama kizima kikitazama. "Hili likikataa," Dani akauliza, "tunamwita nani na msumeno?"

Ijumaa iliyofuata jibu likaja: "Hakuna mtu, mama. Hakuna msumeno."

Nililisikia jibu hilo kwa masikio yangu mawili na halikuniingia. Wazo la kufuli lisilo na fundi, lisilo na afisa wa kumbembeleza, ndilo gumu kuliko yote, na naamini wengi wanaojigamba kwamba wanaelewa pesa hizi hawajalimeza bado. Nililimeza mwaka uliofuata, siku nilipokuwa nikishuka mashua na mtungi mkono mmoja, simu kifuani, nikainama. Simu ikatumbukia ziwani. Nikaenda Homa Bay, nikarudishiwa laini yangu, namba ileile, na pesa zangu za simu zikarudi zote. Nikamwuliza kijana wa dukani na bitcoin je, mbona haijarudi na laini. Alinitazama kwa huruma. Akaniambia, "Mama, hizo hazijui hata kama uko na laini."

Sikuogopa. Maneno si tulikuwa nayo? Na wakati huohuo msichana akaitwa chuoni mara ya pili. Barua ilisema aripoti Jumatatu na karo mkononi, la sivyo nafasi apewe mwingine. Nafasi ya tatu, sote tulijua, haingekuwepo.

Jumatano ilikuwa siku ya mkutano. Chama kizima kilikaa nje ya duka la mshonaji, maana kila mtu alitaka kuona pesa zikitoka hewani. Msichana alileta simu aliyoazima, yenye ile programu. Tukafanya kwa heshima zote, kama tunavyofanya siku zote. Dani kwanza: msichana akamsomea kipande chake na kumwandikia, sisi wengine tukageuka tukatazama ziwa. Akafuata mshonaji. Nikamaliza mimi. Msichana akabonyeza.

Ikafunguka. Tukapiga vigelegele. Halafu vigelegele vikakatika, kwa sababu msichana hakuwa akicheka. Alikuwa amefunika mdomo kwa mkono.

"Ni sifuri," alisema. "Nyanya, hakuna kitu."

Nikumbuke vipi kilichofuata bila kujichukia? Damu ilinipanda kichwani. Kufuli limefunguka na sanduku ni tupu: kwetu sisi hilo lina jina moja tu. Akili yangu, badala ya kupumua, ikakimbia mbele ikitafuta mtu. Na ikamkumbuka mshonaji. Mwezi mmoja kabla ya hapo alikichukua kitabu changu cha nyimbo, akakaa nacho siku tatu, akakishonea jalada zuri la kitambaa cha maua na hakunitoza hata shilingi. Kipande changu kilikuwa ndani, nilisahau kukitoa. Na kwa Dani si ndiye alikuwa anaingia na kutoka akimpima gauni?

"Ndiyo maana ulinishonea jalada!" nilipiga kelele. "Nilijiuliza, wema wa bure unatoka wapi! Ulikuja kisiwani hapa na begi moja la nguo, sasa umemnyang'anya mtoto yatima wa mama aliye hai! Mwizi!"

Chama kizima kilisikia. Ziwa lilikuwa tulivu, nadhani hata wavuvi walisikia. Mshonaji alivua kamba shingoni, ile yenye ufunguo wake wa sanduku, akaiweka mezani taratibu. Kisha akaingia dukani mwake na kufunga mlango, na sisi tukabaki tumekaa nje ya nyumba ya mtu tuliyemtukana.

Dani alinitazama. "Umemaliza?" aliniuliza.

Usiku wa siku hizo mbili sikulala vizuri, lakini sitadanganya: haikuwa majuto bado. Ilikuwa hasira tu. Majuto yalikuja Ijumaa saa saba mchana, nyumbani kwa Dani, kwa sauti ya binti kutoka Uarabuni kwenye ile simu ya kuazima.

"Zipo," alisema. "Naziona hapa. Sanduku hili ni kama la kioo. Yeyote mwenye anwani yake anaweza kuangalia ndani, asiweze kufungua. Hakuna senti iliyotoka. Mmefungua sanduku jingine." Akaeleza kwamba kila mpango wa maneno una sanduku lake. Ukikosea, mara nyingi simu inakukatalia. Lakini mara mojamoja, kwa bahati tu, makosa yako huwa ni ufunguo halali wa sanduku jingine, ambalo halijawahi kuwa na mtu wala kitu. Simu haikwambii umepotea njia. Inakukaribisha vizuri katika chumba kitupu.

Hakuna aliyeiba. Hakukuwa hata na wizi wa kumbandika mtu. Nilikuwa nimemtukana rafiki yangu wa miaka kumi na miwili kwa kosa ambalo halikutokea duniani.

Msichana alikuwa analia kimya. "Nyanya, wao wanaziona. Kuziona kutanisaidia nini Jumatatu?"

Dani alikaa chini, akanyoosha miguu. "Maneno mliyatia vipi?" aliuliza.

"Kama kawaida," nikasema. "Wewe kwanza."

"Kwa nini mimi kwanza?"

"Dani, si wewe ndiye mkubwa?"

"Na simu inajua mimi ni mkubwa?"

Dani alitoa mkebe wake, akakifungua kipande chake cha karatasi kwenye paja, akapitisha kidole chini ya maneno asiyoweza kuyasoma. "Mimi herufi sizijui," alisema, "lakini nimefungia watu omena kwa karatasi za daftari tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Karatasi naijua. Tazama hapa chini, mistari imeisha, kuna nafasi tupu. Hii ni miguu ya karatasi. Kichwa kiko wapi?"

Nilikitoa changu katika kitabu cha nyimbo, nikiogopa hata kuligusa lile jalada la maua. Juu ya maneno yangu manne kulikuwa na nafasi pana na mstari mwekundu. Kichwa kilikuwa changu. Mimi, mdogo wao, ndiye niliyepaswa kuanza, na Dani alipaswa kumaliza. Tuliingiza maneno kichwachini miguu juu kwa sababu ya adabu. Kwa sanduku letu la bati, nani aanze ni suala la heshima tu. Kwa hili, mpangilio ndio ufunguo wenyewe, nusu yake ni maneno na nusu yake ni zamu. Nimewasikia watu wenye digrii wakieleza jambo hili na hawajafika pale bibi huyu alipofika kwa kukagua pambizo ya karatasi.

"Basi mdogo aanze," Dani alisema. "Na kiuno cha karatasi kiko kwa yule uliyemwita mwizi. Nenda ukamlete."

Hiyo njia ya kutoka kwa Dani mpaka ufukoni ni fupi, lakini siku ile ilinizeesha. Mshonaji alikuwa kwenye cherehani. Nilisimama mlangoni, nikamweleza lote kwa pumzi moja, nikaishia na "naomba uje." Sikusema neno jingine lililohitajika kusemwa. Alichukua mkasi, akafumua pindo la pazia, akatoa kipande chake.

"Naja kwa ajili ya mtoto," alisema. "Si kwa ajili yako."

Nikaandika manne yangu kwanza. Nikaona haya kutangulia wakubwa, kwa kweli niliona haya, huku nikijua ni lazima. Akafuata mshonaji. Msichana akamalizia kwa niaba ya nyanya yake. Akabonyeza, akafumba macho, na mimi ndiye niliyeona kwanza. Zilikuwepo. Zote, za mwaka mzima na zaidi wa kufua nguo za watu wengine, zilikuwa pale zimetulia. Hata zilikuwa zimepanda kidogo. Msichana alianguka mapajani kwa nyanya yake akacheka na kulia kwa wakati mmoja, na Dani, bila aibu, akatuamuru turudie kile kiasi kwa sauti mara mbili. Tukakirudia.

Siku hiyohiyo msichana akaziuza kwa mnunuzi mmoja wa Homa Bay ili zigeuke shilingi. Kabla ya kutuma, alituonyesha anwani ya mnunuzi, mstari mrefu wa herufi na namba usio na maana yoyote. Mama yake alikuwa ametuonya: ukikosea herufi moja, usitegemee kupiga simu kwa mtu wa huduma aliyelipwa kukurudishia. Kilichotumwa kimetumwa. Basi tukausoma ule mstari herufi kwa herufi, mara tatu, sisi wote. Niliporudia "kilichotumwa kimetumwa," nilimwona mshonaji akinitazama, kisha akaangalia kando.

Jumapili, karo mkononi, msichana akavuka ziwa hadi Mbita na sanduku lake la chuma na godoro. Jumatatu akaripoti.

Mimi nikabaki na deni langu. Nilichukua omena nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo, makopo mawili ya gorogoro yaliyojaa, nikaenda kwa mshonaji. Safari hii nilisema. Nilimwambia nilikosa, nilimwambia ni hasira, nilimwambia nyamera, dada yangu, nisamehe.

"Nimekusamehe," alisema bila kuinua macho kutoka kwenye mshono. "Lakini niliyasikia. Na wao waliyasikia." Cherehani ikaendelea. Omena alizipokea, mtu hakatai chakula, lakini kiti hakunikaribisha.

Nilikwenda kulia kwa Dani. Nilimwambia ningetoa chochote niyafute maneno yale, yasiwe yamewahi kusemwa. Dani alikuwa anaanika omena, na nitasema ukweli, alikuwa anazianika kwenye wavu wangu. Sikumwambia kitu.

"Kufuta?" alisema. "Wewe ulifundishwa pamoja na mimi. Mtoto wangu alisema kile kitabu hakifutiki. Ukikosea unafanya nini?"

"Unaandika mstari mwingine chini yake," nikasema. "Na wote wanaunakili."

"Ehe."

Mkutano uliofuata ulifanyika palepale, nje ya duka la mshonaji. Ufunguo wake ulikuwa umerudi shingoni mwake; Dani ndiye aliyempelekea. Tulifungua sanduku kama kawaida, mkubwa kwanza, maana la bati bado linajua heshima. Kabla ya kufunga, mweka hazina alitaja kiasi, tukakirudia mara mbili. Wanawake wakaanza kukusanya leso zao.

"Bado hesabu moja," Dani alisema.

Nikasimama. Nikasema mbele ya wanawake walewale, kwa sauti ileile niliyomtukania: "Mshonaji wetu hakuiba. Niliyesema uongo ni mimi." Nikataka kukaa. Dani akanyanyua kidole. Wakarudia, mara mbili, sauti kumi na nane, na kila mara walipofika "niliyesema uongo" walininyooshea vidole kwa furaha ambayo sitaisahau. Mshonaji hakurudia. Alikuwa ameinamia mikono yake.

Tangu siku hiyo tunaitaja hesabu hiyo ya uongo wangu. Kila mkutano, hesabu ya sanduku kwanza, kisha hiyo. Mwanachama mpya akijiunga anafundishwa zote mbili, na akisahau moja analipa faini. Mwanzoni ilinichoma. Baadaye nikaizoea, na nikafika mahali pa kuisema haraka na chini chini, kama mtu anayemeza dawa.

Mkutano wa mwezi uliopita, barua ilikuwa imefika kwamba msichana amefaulu mitihani ya mwaka wake wa kwanza, na sote tulikuwa na furaha. Tukaitaja hesabu. Ikafika zamu ya ile nyingine, nikaimumunya.

"Faini," sauti ilisema.

Nikageuka. Alikuwa mshonaji, na alikuwa anajitahidi sana asicheke. "Sijakusikia," alisema.

Nikalipa. Kisha nikasimama, nikavuta pumzi, nikaisema tena kwa sauti ya kufika Takawiri, na safari hii yeye alirudia pamoja na wengine.